Mafundo Arobaini na Moja

Jumatatu, 17 Machi
Mvua ya kwanza ya masika imeshuka leo saa nane mchana, na kufikia saa kumi simu yangu ilikuwa imelia mara kumi na tisa. Watu wazima kumi na tisa, wengine wana digrii, wote wakiita jina moja: Tobias. Daftari hili nimejinunulia sokoni kwa sababu kamati ya mtaa ilimpa Mulama, fundi mwenzangu, daftari la kazi, mimi sikupewa. Lake lina kurasa tisini na sita. Langu lina mia mbili.

Nieleze kazi yenyewe, nisije nikafa watu wakasema sikuijua. Intaneti yetu hapa mtaani Jericho ni yetu wakazi, si ya kampuni. Ndani ya kibanda cha zamani cha kaunsili kuna mashine kubwa, na kutoka hapo nyaya za kioo, nyembamba kama unywele, zinapita juu ya nguzo hadi kila nyumba. Ndani ya nyumba kuna kisanduku chenye taa. Nguzo ni zangu. Ndani ya nyumba ni kwa Mulama, na kununua visanduku pia ni kazi yake. Upande wa zamani, ule wa sokoni, ulifungwa na kontrakta kabla yetu, na visanduku vyake ni vyeupe. Upande mpya tumeufunga sisi wawili tangu Agosti. Vyeupe vikakosekana, Mulama akanunua vya kampuni nyingine, vyeusi.

Upande mpya ndio unaokufa kila mvua ikinyesha. Nimesema tangu siku ya kwanza: ni hivyo visanduku vyeusi.

Jumatano, 19 Machi
Simu kumi na nne. Nthoki, yule mama Mkamba mwenye saiba, duka la intaneti, nyuma ya soko pale upande mpya unapoanzia, hakupiga. Alikuja mwenyewe na mwavuli umevunjika.

"Tobi, nina watu sita wamekaa wanatazama ukuta. Nimewauzia ukuta?"

Nikamwambia atulie. Nikamsimulia ya Ziwani, mwaka wa tisini na nne, nikifanya kazi ya simu za waya wa shaba. Waya ulikatika juu ya nguzo katikati ya maongezi ya mkubwa mmoja na mkwewe. Sikuwa na koleo. Nikashika ncha mbili kwa meno, dakika ishirini, umeme wa simu ukinipita fizini, mpaka wakamalizana mambo ya mahari.

"Basi panda juu," Nthoki akasema, "ukaung'ate na wa kwangu."

Jumapili, 23 Machi
Jua. Simu moja, ya Rispa mke wangu: nisisahau unga.

Alhamisi, 27 Machi
Kamati imekaa leo. Mwenyekiti ni Teresiah, mwanamke wa Murang'a asiyecheka hata ukimwekea kikapu cha vichekesho mlangoni. Amesema hivi: mvua ikiisha kutakuwa na mkutano wa wakazi wote, Jumamosi tarehe 24 Mei. Ikionekana kosa ni la visanduku, basi aliyevinunua anatoka kazini, na mitaa mingine yenye mitandao kama wetu itaandikiwa barua isimwajiri.

"Tobias, wewe umesema ni visanduku. Utasimama useme mbele ya watu?"

"Nitasimama, Mama Mwenyekiti. Nimeona nyaya tangu hawa wote wakinyonya."

Mulama alikuwa kwenye benchi karibu na mlango. Ni jirani yangu, ukuta wetu ni mmoja, nikikohoa ananiambia pole. Hakuinua sauti. "Tobi," akasema, "mimi sijui ni nini. Lakini si visanduku."

"Kama hujui ni nini, utajuaje si visanduku?"

Watu wakacheka. Nilijibu vizuri sana. Jibu hilo nimeliandika ili nisilisahau.

Jumanne, 1 Aprili
Mvua. Ishirini na mbili.

Jumatano, 2 Aprili
Mvua na upepo. Ishirini na saba. Rispa amesema simu iende ilale kwa Mulama.

Jumapili, 6 Aprili
Leo nimeshtuka, na mimi si mtu wa kushtuka.

Teresiah amemwita Lorraine, binti wa marehemu dada yangu. Anaishi Kware na anafanya kazi ya mitandao katika ofisi moja kubwa mjini. Ananiita Nera, kama sisi Wajaluo tunavyomwita kaka wa mama. Alikuja baada ya kanisa, akala dagaa wote wa omena, kisha akatazama zile programu mbili tulizonazo kibandani. Kampuni ya visanduku vyeupe ilitupa programu yake. Kampuni ya vyeusi ilitupa yake. Kila moja inaona watoto wake tu, wa mwenzake haiwajui.

"Ndiyo maana mnagombana," akasema. "Hakuna mtu amewahi kuona mtaa mzima kwa pamoja. Nitawawekea programu huria."

"Huria ni kusema nini?"

"Hakuna kampuni inayoimiliki peke yake. Imeandikwa na watu wa sehemu nyingi. Ilivyoandikwa iko wazi, yeyote anaweza kusoma mstari kwa mstari, akabadilisha, akatumia."

Nikaweka kikombe chini. "Yeyote? Hata mwizi?"

"Hata mwizi, Nera. Na hata yule anayemshika mwizi."

Sijawahi kusikia kitu kama hicho. Miaka yote niliyofanya kazi ya simu, siri ya waya ilikuwa kwa fundi. Ukimfundisha mwenzako yote, kesho anakalia stuli yako. Halafu kuna watu duniani wameandika kila kitu wakakianika kama nguo! Nikamuuliza itawezaje kuongea na visanduku vya kampuni mbili zisizopatana. Akasema ndani yake kuna wakalimani, kila aina ya mashine na mkalimani wake.

"Angalia soko lako hapa. Nthoki ana Kikamba chake, Mama Mwenyekiti Kikuyu chake, wewe ukikasirika ni Dholuo. Lakini nyanya mnanunua kwa Kiswahili. Hii programu ndiyo huo Kiswahili."

Mulama alikuwa ameinama anaandika yote kwenye daftari lake. Mimi sikuandika. Mimi ninakumbuka.

Jumatatu, 14 Aprili
Mvua. Ishirini na nne. Lorraine bado anaunganisha wakalimani wake. Mkalimani wa vyeusi alikuwa na kasoro, Lorraine akawaandikia walioitunga programu huko waliko, na mtu asiyemjua, asiyemlipa, akamtumia dawa asubuhi yake. Nimekaa nikamtazama kama mtu aliyeniambia amelishwa na simba.

Alhamisi, 24 Aprili
Mtaa wote umeonekana leo! Orodha moja, vyeupe na vyeusi pamoja, kila nyumba na nguvu ya mwanga inayofika. Sokoni, kwa kontrakta, wana 18, 19, 20. Upande wangu mpya? 27, 28, hata 29! Niliruka hewani. Nimepita soko lote nikitangaza. Nthoki nimemwambia, "Kontrakta kumi na tisa, Tobias ishirini na nane. Nenda kahesabu."

"Sasa mbona yangu haishiki?"

"Ni kisanduku, mama. Mwanga ninaokuletea ni mwingi kuliko uwezo wake."

Jumamosi, 26 Aprili
Kuna kistari mbele ya zile namba.

Lorraine amenieleza mara tatu. Kistari kinamaanisha ni chini ya sifuri, kama deni, na deni la ishirini na nane ni baya kuliko la kumi na tisa. Nimetoka shule kidato cha kwanza, hayo ya kistari nadhani yalifundishwa kidato cha pili. Sokoni leo Nthoki amenipungia mkono kwa mbali: "Bingwa! Habari ya ishirini na nane?" Uso umeniwaka moto mpaka mlangoni kwangu.

Lakini bado ni visanduku. Kisanduku kibovu kinaweza kusoma vibaya.

Jumamosi, 3 Mei
Chai imepoa sijaigusa.

Lorraine aliniita kibandani peke yangu. Orodha alikuwa ameipanga upya, si kwa rangi ya kisanduku bali kwa nguzo. "Nera, soma."

Nikasoma. Kuna visanduku vyeusi tisa ambavyo Mulama alivipeleka upande wa zamani vyeupe vilipoharibika. Vyote tisa ni vizima. Kumi na tisa, ishirini, kumi na nane. Na kuna vyeupe vinne upande mpya. Vyote vinne ni vibovu, ishirini na nane, pamoja na vistari vyao. Vyeusi vizima, vyeupe vibovu. Nilitazama mpaka macho yakatoa maji. Tungekuwa na zile programu mbili za zamani, kila moja na watoto wake, hili lisingeonekana hadi mwisho wa dunia.

"Upande mpya ni nyumba arobaini na moja," Lorraine akasema. "Zote arobaini na moja ni dhaifu. Nani alipanda nguzo zake?"

"Mvua nayo imechangia."

"Nera."

"Mimi."

Akatoa waya wa kioo wa manjano, mita mbili hivi. "Nifungie lile fundo lako."

Hapa lazima nieleze. Sisi wa waya wa shaba kila fundi alikuwa na fundo lake. Ukipita mtaani ukitazama juu ya nguzo unajua, huyu ni fulani, huyu ni fulani. Langu nilifundishwa na foromani wangu, mkubwa wa kazi, Ndirangu: zungusha mara tatu, pitisha chini, kaza mpaka waya ulie. Halitikisiki kwa upepo wala ndege. Kontrakta wa sokoni aliweka vishikio vya plastiki, nami nilimcheka, nikasema huyo hajui kufunga. Nimelifunga fundo langu nguzo zote za upande mpya, fundo moja kwa kila nyumba, na nikiwa napita chini huwa ninainua macho kidogo.

Basi nikamfungia, safi kabisa. Yeye akatoa tochi ndogo ya mwanga mwekundu, akaichomeka upande mmoja wa waya, akafunga dirisha.

Fundo likawaka.

Liliwaka jekundu kama kaa la jiko. Mwanga wote ulikuwa unavuja pale, kwenye mizunguko yangu mitatu, na upande wa pili wa waya, ule wa kwenda nyumbani kwa mtu, palikuwa na nukta hafifu kama jicho la panya. Akalilegeza fundo. Kaa likazima, nukta ikawa nyota. Akalikaza. Kaa likarudi. Akalegeza. Akakaza. Nikamwambia basi, mama, basi.

"Shaba unaweza kuikunja, umeme utapita," akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza. "Kioo ukikikunja kwa nguvu, mwanga unatoka nje. Mvua inaongeza uzito, upepo unavuta, fundo linajikaza zaidi. Ndiyo hiyo siri ya mvua."

Nilikaa kwenye ndoo. Sikuwa na hadithi yoyote. Rispa hataamini.

"Mulama anajua?"

"Bado. Ripoti nitaisoma siku ya mkutano, tarehe 24, siwezi kusubiri zaidi ya hapo. Kabla ya hapo, Nera, hilo neno ni lako."

Jumatatu, 5 Mei
Mvua. Thelathini na moja. Kila simu ikilia naliona fundo likiwaka.

Alhamisi, 8 Mei
Nimefanya jambo. Nilichukua ngazi saa tatu asubuhi, watu wakiwa kazini, nikapanda nguzo ya kumi na nne kulifungua fundo kimyakimya. Mpango wangu ulikuwa rahisi: nifungue yote kabla ya mkutano, mtandao upone, nisimame niseme nimevitibu visanduku vyeusi kwa maarifa yangu. Mulama angesamehewa, nami ningebaki Tobias.

Ngazi ikatulia ghafla chini yangu. Kutazama, ni Mulama ameishika. Sikumwita. Ameona tu mtu yuko juu na ardhi imelowa.

"Unafanya nini huko, Tobi?"

"Nakagua."

"Kagua taratibu. Mguu wa kushoto wa ngazi unazama."

Akaishika mpaka nikashuka. Saa nane mwenye nyumba hiyo akampigia Mulama kwa furaha kwamba taa imekuwa kijani. Mulama akanigongea ukutani: "Tobi! Kimoja kimepona chenyewe! Labda vimeanza kuzoea!" Alicheka kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake ameomba uji.

Sikupanda nguzo nyingine.

Alhamisi, 15 Mei
Rispa ameniuliza nani amekufa.

Jumanne, 20 Mei
Nilidhani nimemaliza kushtuka mwaka huu.

Mulama alisahau daftari lake la kazi kibandani. Nimelifungua. Nakiri. Nilitaka kuona ameniandika nini, nipate angalau kitu cha kumkasirikia. Nimesoma kurasa zote.

"Tobi amepanda nguzo ya tisa kwenye mvua. Amepewa chai na mwenye nyumba." "Tobi ana homa lakini amekuja." "Tobi ametusimulia ya Ziwani, tumecheka." Kila siku, kwa mwandiko wa shule, hakuna neno baya hata moja. Kisha tarehe 11 Februari, kabla hata ya masika:

"Nimejaribu kisanduku cha nyumba ya nguzo ya 22 nyumbani kwa mtu wa sokoni. Kinafanya kazi vizuri. Labda tatizo liko juu ya nguzo. Sitasema mpaka nijue kwa hakika. Tobi ni fundi, na jina la fundi ndilo chakula chake."

Nimesoma mstari huo wa mwisho nikiwa nimesimama. Februari! Aliketi kwenye lile benchi, nikawachekesha watu juu yake, naye alikuwa na neno la kunimaliza mfukoni. Hakulitoa kwa sababu hakuwa na hakika. Mimi langu nililitoa bila hakika yoyote, nikaliandika hapa nisilisahau. Nimeurudia ule ukurasa wa tarehe 27 Machi. Nilitaka kuuchana. Nimeuacha, ukae hapo unitazame.

Jumamosi, 24 Mei
Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Teresiah akaniita kwanza, niwe shahidi juu ya visanduku. Lorraine alikuwa mbele na karatasi zake mapajani. Hakunitazama.

Nikasimama, nikakohoa. Na kwa mazoea, Mungu anisamehe, nikaanza: "Mwaka wa tisini na nne, kule Ziwani..."

"Meno!" Nthoki akapiga kelele. "Ruka mpaka kwa visanduku!"

Watu wakaangua kicheko. Nikawangoja wamalize.

"Kule Ziwani," nikasema, "aliyeshika waya kwa meno alikuwa foromani wangu, Ndirangu. Mimi nilishika ngazi. Na hazikuwa dakika ishirini. Zilikuwa kama mbili."

Nilimwona Rispa akiweka mkono mdomoni. Miaka thelathini amelisikia lile jambo.

"Visanduku vyeusi ni vizima. Vyote. Kinachoua intaneti yenu ni fundo langu."

Nikamwomba Lorraine ule waya wa manjano na tochi. Nikafunga fundo mbele yao, mara tatu, chini, kaza, na wazee wa karibu na mlango wakavuta pazia. Likawaka. Nikasikia watu mia mbili wakivuta pumzi kwa pamoja. Nikazunguka nalo safu kwa safu kila mtu alione. Nilipofika kwa Mulama nikalishika tu mbele yake, na wekundu ukampiga usoni.

"Ulijua tangu Februari," nikamwambia. "Nimesoma daftari lako bila ruhusa. Hilo nalo ni kosa."

"Sikujua, Tobi. Nilishuku." Akaligusa fundo kwa kidole. "Lakini limefungwa vizuri. Haki ya nani."

Sasa ukumbi wote ulicheka, na mimi nikalia mbele za watu, mtu mzima wa miaka hamsini na nne. Teresiah aligonga meza. Mulama anabaki kazini, na kuanzia leo yeye ndiye mkubwa wa kazi yote, nguzo na nyumba. Tobias atafungua mafundo yake mwenyewe, moja moja, aweke vishikio, na Mulama atatia sahihi kila nguzo.

"Ni arobaini na moja," akasema. Nilimwambia ni arobaini, moja nimeshafungua. Ndipo Mulama akageuka akanitazama, na nikajua ameikumbuka nguzo ya kumi na nne.

Jumatatu, 26 Mei
Tisa. Mulama anashika ngazi, Lorraine anatusomea namba kutoka kibandani kwa simu. "Ishirini na nane... sasa kumi na tisa, Nera!" Sokoni Nthoki amepiga makofi.

Jumanne, 27 Mei
Kumi na mbili. Mgongo.

Alhamisi, 29 Mei
Jana na leo kumi na nane. Limebaki moja, la nguzo iliyo kati ya mlango wangu na wa Mulama. Nilipoweka ngazi akanizuia. Anataka kujifunza kupanda. Kwa hiyo amepanda yeye, akitetemeka kama kifaranga, na mimi nimeshika ngazi. Nimemwelekeza kutoka chini jinsi fundo linavyofunguliwa, kila hatua, hata ile ya kuvuta mkia kwanza ambayo sikuwahi kumwambia mtu.

Jumamosi, 31 Mei
Mvua kubwa tangu asubuhi. Barabara ya soko imekuwa mto, Rispa ameweka sufuria tatu chini ya paa. Simu nimeiweka mezani mbele yangu. Saa nne, kimya. Saa sita, kimya. Nimeiinua mara mbili kuangalia kama imekufa.

Saa tisa ikalia. Nimeruka.

"Tobi," Mulama akasema. Sauti yake niliisikia mara mbili, kwenye simu na kupitia ukuta. "Unaona hiyo mvua?"

"Naiona, mkubwa."

"Wangapi wamekupigia?"

"Wewe."